Upara: Jua chanzo kabla ya kununua dawa

ALIYE wa kwanza kugundua kwamba nywele za mwanamume zimeanza kupungua aghalabu si mwenyewe, bali ni kinyozi wake. Huipitisha mashine utosini, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole: "Mkubwa, hapa tuache ama tunyoe zote?" Swali hilo fupi limewakosesha usingizi wanaume wengi kuliko wanavyopenda kukiri.

Kuanzia siku hiyo, wengi hushika mojawapo ya njia mbili. Kuna wanaonyoa zote, wakavaa kofia na kukata shauri kutolizungumzia tena suala hilo. Kuna na wale wanaoanza safari ndefu ya kusaka dawa: mafuta ya mitishamba yanayonadiwa ndani ya magari ya abiria, maji ya kitunguu, na tembe zinazoagizwa kupitia mtandao bila ya kuonana na daktari yeyote.

Njia hizi mbili zina kasoro moja. Hakuna hata moja inayoanza kwa kuuliza chanzo. Kupotea kwa nywele si ugonjwa mmoja. Ipo aina ambayo si ugonjwa kamwe, ipo inayopona yenyewe, ipo iliyo dalili ya maradhi mengine mwilini, na ipo ile ambayo mtu akikawia kuitibu humwachia kovu lisiloota nywele tena maishani. Dawa ya moja haiwezi kuwa dawa ya nyingine.

Jinsi nywele zinavyoota

Kichwa cha mtu mzima kina takriban nywele 100,000. Kila unywele huota ndani ya kifuko kidogo kilicho chini ya ngozi, na hukua kwa kiasi cha sentimita moja kwa mwezi. Kipindi hicho cha kukua huendelea kwa muda wa kati ya miaka miwili na sita. Baadaye unywele hupumzika kwa takriban miezi mitatu, ukapukutika, na mwingine ukaanza kuota mahali pale pale.

Kwa sababu hiyo, kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Mwanamume anayeona nywele chache kwenye mto au kitana hana haja ya kufadhaika. Tatizo huanza pale nywele zinazoondoka zinapozidi zile zinazochukua nafasi yake, au kifuko chenyewe kinapodhoofika au kuharibiwa.

Urithi na homoni

Aina iliyoenea zaidi miongoni mwa wanaume ni ile ya kurithi. Hii huwa na mtindo wake maalumu: nywele hurudi nyuma kwenye pembe mbili za paji la uso, utosi ukaanza kuwa mwepesi, kisha sehemu hizo zikakutana na kuacha ukanda wa nywele pembeni na kisogoni. Ngozi hubaki laini. Hakuna mwasho, hakuna maumivu, wala hakuna usaha.

Kwamba homoni za kiume zinahusika kulibainishwa na mtaalamu wa Marekani, James Hamilton, mnamo 1942. Aliwachunguza wanaume waliohasiwa kabla ya kubaleghe na akaona kuwa hawakuwa na upara. Walipopewa homoni ya testosteroni, wale waliotoka katika koo zenye upara walianza kupoteza nywele, ilhali wengine hawakupoteza. Kwa maneno mengine, homoni peke yake haitoshi, na urithi peke yake hautoshi. Sharti viwili hivyo vikutane.

Ushahidi mwingine ulitoka katika kijiji kimoja cha Jamhuri ya Dominika. Mwaka wa 1974, watafiti walichapisha habari za wanaume wa huko waliozaliwa wakiwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, iitwayo DHT kwa kifupi. Watu hao walikuwa na tezi dume ndogo mno, na hawakuota vipara. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba DHT ndiyo huvifanya vifuko vya nywele kusinyaa, hata unywele uliokuwa mnene ukawa kama nyoya jembamba lisiloonekana.

Ni vyema tueleze hapa kwamba mwenye upara hana homoni za kiume nyingi kuliko wenzake. Tofauti ni kwamba vifuko vyake vya nywele vimerithi wepesi wa kuathiriwa na DHT. Vile vya kisogoni na pembeni havina wepesi huo, na ndiyo maana nywele za sehemu hizo hudumu.

Je, upara hurithiwa kwa mjomba, jinsi inavyosemwa vijijini? Usemi huo una ukweli nusu. Mojawapo ya jeni muhimu zinazohusika hupatikana kwenye kromosomu ya X, ambayo mwanamume huipata kwa mamake. Hata hivyo, jeni nyingine nyingi zimegunduliwa, na hizo hutoka kwa wazazi wote wawili. Mtu anaweza kumtazama babake akaona utosi wake wa kesho.

Imani potovu

Kofia haileti upara. Kuosha nywele kila siku hakuleti upara, wala kufikiri sana hakuleti. Mba, ingawa huudhi, hauwezi wenyewe kumwacha mtu na upara wa kudumu.

Ipo pia imani kwamba mwenye kipara ni tajiri. Kwa kawaida huo ni utani wa kuchangamsha baraza, lakini imani kama hiyo imewahi kuangamiza watu. Mnamo Juni 2017, polisi nchini Msumbiji waliwatahadharisha wanaume wenye vipara baada ya kadhaa wao kuuawa katika mkoa wa Zambezia. Polisi walisema wauaji waliongozwa na dhana kwamba vichwa hivyo vina mali, au kwamba vinafaa katika uchawi wa kutafuta utajiri.

Nywele zinapotoka ghafla

Upara wa kurithi huja polepole, kwa miaka. Nywele zinapopukutika kwa wingi katika majuma machache, chanzo hutafutwa kwingine.

Mara nyingi tukio lililosababisha hali hiyo lilitokea miezi miwili au mitatu awali: homa kali kama ile ya malaria au homa ya matumbo, upasuaji, kupungua uzani kwa kasi, au msongo mkubwa wa mawazo. Wengi waliougua Covid-19 kuanzia 2020 walikumbwa na hali hii. Mwili unapotikiswa hivyo, nywele nyingi huingia katika kipindi cha mapumziko kwa pamoja, kisha zikatoka kwa pamoja. Habari njema ni kwamba vifuko havijafa. Aghalabu nywele hurejea katika muda wa miezi sita au zaidi kidogo bila dawa yoyote. Muuzaji aliyekuuzia mafuta katika kipindi hicho ndiye atakayepata sifa asiyostahili.

Fauka ya hayo, nywele zinaweza kuwa mjumbe wa maradhi yaliyojificha. Matatizo ya tezi ya thairoidi iliyo shingoni huzifanya zipungue. Upungufu wa madini ya chuma pia hutajwa, na kwa mwanamume aliyekomaa upungufu huo haufai kupuuzwa, kwani huenda anavuja damu tumboni kutokana na vidonda au ana minyoo ya safura. Kaswende iliyoenea mwilini huziacha nywele zikiwa na mabakamabaka, mithili ya nguo iliyoliwa na nondo. Tibakemia inayotolewa kwa wagonjwa wa saratani huangusha nywele pia, ingawa kwa kawaida huota tena matibabu yanapokamilika.

Kuna pia ule upara wa ghafla unaojitokeza kama sarafu: kipande cha mviringo, laini, kisicho na magamba, kichwani au hata kidevuni. Wataalamu huuita alopesia areata. Hapa mfumo wa kinga ya mwili hukosea ukavishambulia vifuko vya nywele. Wapo wanaodhani wamerogwa au wamenyolewa usiku na majini. Hawakurogwa. Mara nyingi nywele huota tena zenyewe, na daktari anaweza kuharakisha jambo hilo kwa kudunga dawa za steroidi kwenye sehemu iliyoathirika. Kwa wale wanaopoteza nywele zote za kichwa, tembe ziitwazo baricitinib ziliidhinishwa Marekani mnamo Juni 2022. Hata hivyo, dawa hizo hupunguza kinga ya mwili na sharti zisimamiwe na daktari bingwa.

Majeraha ya kinyozini

Aina ambayo humhusu zaidi mwanamume Mwafrika, na ambayo huzungumziwa kwa nadra, ni ile inayoanzia kisogoni. Baada ya kunyolewa, vipele vidogo hujitokeza pale nywele zinapokomea shingoni. Vinawasha, wakati mwingine vinatoka usaha, kisha vinatulia. Mtu akirudi kwa kinyozi, mashine ikapita juu yake tena, navyo vikaongezeka.

Nywele zetu zilizojipinda huchangia tatizo hili, nayo mikwaruzo ya kunyolewa hadi kwenye ngozi na kola zinazobana huzidisha uvimbe. Mwaka baada ya mwaka, vipele hugeuka kuwa vinundu vigumu vya kovu. Kovu likishatanda, kifuko cha nywele kimekufa, na hakuna mafuta wala tembe iwezayo kukifufua.

Tiba yake mwanzoni ni nyepesi: kuacha kunyoa hadi kwenye ngozi na kuziacha nywele za kisogoni zirefuke kidogo, kuepuka kukuna, na kutumia krimu ya steroidi pamoja na dawa za kuua bakteria kwa maagizo ya daktari. Akikawia, mgonjwa huenda akahitaji kudungwa sindano kwenye vinundu au kufanyiwa upasuaji. Tofauti ya gharama na mateso kati ya hatua hizo mbili ni kubwa mno.

Vijana wanaosokota nywele au kufuga rasta nao wajihadhari. Misokoto inayokazwa mno huzivuta nywele za pembeni na za paji la uso kutoka mashinani. Ikilegezwa mapema, nywele hurudi. Ikiendelea kwa miaka, huacha upara wa kudumu.

Mapunye nayo, ambayo huwapata zaidi watoto, ni ukuvu. Huambukizwa kwa kugusana na kwa kutumia vitana au mashine zisizosafishwa. Krimu ya kupaka pekee haiponyi mapunye ya kichwani, kwa kuwa ukuvu umeingia ndani ya unywele. Mgonjwa huhitaji dawa ya kumeza, kama vile griseofulvin au terbinafine, kwa majuma kadhaa.

Dawa mbili zilizothibitishwa

Tukirejea kwa upara wa kurithi, dawa ambazo zimetumika kwa muda mrefu na kuthibitishwa na tafiti ni mbili.

Ya kwanza ni minoxidil. Ilitengenezwa kuwa tembe ya kupunguza shinikizo la damu, na wagonjwa walioitumia wakaanza kuota nywele mahali wasipotarajia. Ile ya kupaka kichwani iliidhinishwa Marekani mnamo 1988. Hupakwa kwenye ngozi ya kichwa, si kwenye nywele, kwa kawaida mara mbili kwa siku. Katika majuma ya kwanza nywele huweza kutoka zaidi, na wengi hukata tamaa wakaiacha. Matokeo huanza kuonekana baada ya takriban miezi minne. Baadhi ya madaktari siku hizi huagiza minoxidil ya kumeza kwa kiasi kidogo, lakini mwenye matatizo ya moyo hapaswi kuijaribu kwa hiari yake.

Ya pili ni finasteride, tembe ya miligramu moja inayomezwa kila siku. Huzuia testosteroni isigeuzwe kuwa DHT, kama ilivyokuwa kwa wale wanaume wa Dominika. Iliidhinishwa kwanza mwaka wa 1992, katika kipimo cha miligramu tano, kutibu uvimbe wa tezi dume. Matumizi yake kwa upara yaliidhinishwa 1997. Kwa wanaume wengi husitisha kupungua kwa nywele, na kwa baadhi yao hurejesha kiasi.

Dawa zote mbili hufanya kazi maadamu zinatumiwa. Ukiziacha, manufaa hupotea katika muda wa miezi kadhaa. Kwa hivyo, anayezianza anapaswa kukadiria gharama ya miaka, si ya mwezi mmoja. Aidha, hazifufui utosi ambao umekuwa mtupu kwa miaka mingi. Mwenye kufaidika zaidi ni yule aliyeanza mapema.

Usimfiche daktari

Finasteride ina madhara ambayo wauzaji wa mitandaoni hawayataji. Idadi ndogo ya watumiaji hupungukiwa na hamu ya tendo la ndoa au nguvu za kiume. Wapo wanaopata huzuni kubwa, na mnamo Mei 2025 wakala wa dawa wa Umoja wa Ulaya ulithibitisha kuwa mawazo ya kujiua ni miongoni mwa madhara yake. Anayeona mabadiliko ya aina hiyo aache tembe na amwone daktari mara moja. Mwanamke mjamzito hapaswi kushika tembe zilizovunjika, kwani dawa inaweza kudhuru viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume aliye tumboni.

Lakini lililo zito zaidi kwa wanaume wa makamo linahusu saratani ya tezi dume, ambayo ndiyo saratani inayowapata wanaume wengi zaidi nchini Kenya. Mojawapo ya njia za kuitafuta ni kipimo cha damu kiitwacho PSA. Finasteride hupunguza matokeo ya kipimo hicho kwa takriban nusu, na wakati huo huo haiondoi saratani iliyopo.

Hebu tuchukue mfano. Mwanamume wa miaka 55 anayemeza tembe za nywele kwa siri anapimwa na kupata 3. Madaktari wengi huanza kuingiwa na shaka matokeo yanapozidi 4, kwa hivyo anaambiwa yuko salama na kurudi nyumbani. Kumbe matokeo yake halisi yanakaribia 6, na alipaswa kuchunguzwa zaidi. Neno moja tu kwa daktari, "natumia finasteride", lingebadilisha hukumu hiyo. Aibu ya upara inaweza kumgharimu mtu uhai wake.

Kupandikiza nywele

Mnamo 1952, daktari Norman Orentreich wa New York aliyahamisha mashina ya nywele kutoka kisogoni hadi sehemu yenye upara, nayo yakaendelea kuota kana kwamba hayakuhama. Huo ndio msingi wa upasuaji unaowavutia maelfu ya wanaume hadi Istanbul, Uturuki, kila mwaka.

Upasuaji huu hautengenezi nywele mpya. Huhamisha tu zilizopo. Asiye na akiba kisogoni hana cha kuhamisha. Kwa Mwafrika kuna mambo mawili ya ziada ya kuzingatia. Mashina ya nywele zetu yamejipinda hata chini ya ngozi, na daktari asiye na uzoefu nayo huweza kuyakata mengi anapoyang'oa. Isitoshe, ngozi yetu huwa na wepesi wa kuota makovu yaliyovimba, yaani keloidi. Mwenye historia ya makovu hayo amweleze daktari kabla ya kulipa chochote.

Maswali ya kujiuliza

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, jiulize: Je, nywele zimepungua kwa miaka au kwa majuma? Zimetoka katika mtindo wa kawaida wa paji na utosi, au kwa mabaka? Je, kuna mwasho, maumivu, magamba au usaha? Niliugua nini miezi mitatu iliyopita? Ninatumia dawa gani?

Iwapo zimepungua polepole na ngozi ni laini, huna haja ya haraka. Unaweza kutumia dawa, na unaweza pia kunyoa na kuendelea na maisha, ukikumbuka kukikinga kichwa chako dhidi ya jua kali. Iwapo zimetoka ghafla, kwa mabaka, au pana maumivu na usaha, mwone daktari, ikiwezekana bingwa wa ngozi. Wakati mwingine atapima damu au kuchukua kipande kidogo cha ngozi kichunguzwe kwenye maabara. Umwendee mapema, kabla ya kovu kutanda.

Naye muuzaji anayeahidi kwamba chupa moja huponya kila aina ya upara, mwulize swali moja tu: ni aina gani niliyo nayo? Akishindwa kujibu, rudisha pesa zako mfukoni.

Upara si aibu, wala si wa kufichwa kama kosa. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humfichua. Nywele zikiondoka, mwenyewe bado yupo, na huyo ndiye anayestahili kutunzwa kwanza.